Yah: Ombi la Kupangiwa Zamu ya Kutapika Damu

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Manunuzi, hospitali yoyote ya Kanda ya Ziwa itakayojiona humu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wagonjwa wanakiri kosa: wameendelea kutapika damu Jumamosi usiku, ilhali tangazo la mlangoni linasema wazi kwamba kamera ya tumbo hufanya kazi Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tisa.

Mkosaji sugu ni mvuvi wa Ukerewe. Tangu utotoni amesimama majini, na minyoo ya kichocho ikapenya ngozi yake bila kubisha hodi. Mayai ya minyoo hiyo yakajazana kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikakosa njia, ikageukia mishipa ya umio. Mishipa hiyo ikavimba miaka na miaka, kimyakimya. Dawa ya prazikwanteli ingewahi, haya yasingekuwepo. Sasa beseni la bluu limejaa mabonge, mkewe amelifunika kwa kanga, na nesi akishika kiganja cha mgonjwa anakuta ubaridi na mapigo yanayokimbia.

Nesi anajua kazi yake. Kanula mbili nene, maji, damu, lakini si ya kumjaza: mwaka 2013 madaktari wa Barcelona walionyesha kwamba wanaoongezewa damu pale tu himoglobini inaposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita hupona zaidi ya wanaowahiwa ikishuka chini ya 9. Kisha, ndani ya saa 12, kamera iingie, mshipa unaovuja ufungwe kwa kipete cha mpira.

Kipete hicho hakipo. Kamera ilinunuliwa, utepe ukakatwa, pilau likaliwa. Mpira haukuingia kwenye bajeti, labda kwa kuwa haupendezi pichani.

Hata hivyo kamati inapongezwa kwa shehena ya sindano za traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu. Kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, zinaokoa. Kwa damu ya tumboni, utafiti wa HALT-IT, wenye wagonjwa 12,009 katika nchi 15, ulibaini mwaka 2020 kwamba hazipunguzi vifo, ila huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Stoo imejaa, hilo halina ubishi.

Wagonjwa wanaahidi kuanzia mwezi ujao kuvuja saa za kazi tu, isipokuwa sikukuu. Wanaomba ratiba ibandikwe pia ndani ya umio, mahali panapoonekana.

Wao katika ujenzi wa taifa,
Kitanda namba 6.

Nakala: Fundi wa kamera (yuko semina).