Jinsi ya Kuzigombanisha Dawa za Shosho

Shosho wako wa Jericho ana presha, ana sukari, na magoti yamemsumbua tangu enzi za Moi. Hongera, malighafi yote unayo. Kilichobaki ni ufundi, na hauhitaji shahada.

Anza na mkebe wa Blue Band. Vitoe vidonge kwenye pakiti zake, maana pakiti zimejaa maandishi na tarehe za kutia watu wasiwasi, uvimwage vyote humo. Kwenye kemisti omba ukatiwe vinne vinne kwa makasi, upande usio na jina. Kuanzia hapo dawa zitajulikana kwa sura: ile nyeupe ndogo, ile kubwa inayonuka samaki. Bahati iko upande wako, kwani amlodipini ya presha na glibenklamidi ya sukari mara nyingi zote ni nyeupe na ndogo. Shosho akizidisha ya pili, tena bila kula, sukari itashuka, atatokwa na jasho, atatetemeka na kuongea yasiyoeleweka. Nyinyi semeni ni uzee.

Pili, madaktari wasijuane. Presha ipelekwe zahanati ya mtaani, sukari hospitali ya Mama Lucy, magoti yabaki kwa yule wa kemisti karibu na steji, ambaye sote tunamwita daktari. Kila kliniki iwe na daftari lake, na daftari la huku lisifike kule. Shosho akiulizwa anameza nini, ajibu kwa adabu: "Za presha tu, daktari." Kama anatumia ARV, kwenye kliniki ya sukari anyamaze kabisa, watu watasema. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, huongeza metfomini ya sukari mwilini, na ndiyo sababu wanaozitumia pamoja kwa kawaida hawazidishiwi miligramu 1000 za metfomini kwa siku. Daktari asiyejua atapunguza nini?

Sasa magoti, maana hapa ndipo ustadi unapoonekana. Nunua diclo, yaani diklofenaki. Itatuliza maumivu na kupandisha presha, kwa hiyo zahanati itaongeza dawa ya presha bila kujua inashindana na nani. Na kama Shosho tayari yuko kwenye enalaprili ya presha na Lasix, umekamilisha kazi. Lasix inapunguza maji mwilini, diclo inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalaprili inalegeza ule unaoitoa. Chujio linabaki bila msukumo. Mwenye figo changa huenda akavumilia siku chache, lakini Shosho ana miaka sabini na kitu na sukari ya muda mrefu.

Miguu ikivimba, usijiulize kama ni amlodipini, ingawa huvimbisha vifundo vya miguu. Omba Lasix zaidi. Ataamka usiku mara nne kwenda chooni gizani, na akianguka atavunjika nyonga, halafu mtarudi kununua diclo.

Mitishamba ya yule wa kipaza sauti kwenye matatu ongeza tu. Haina madhara, amesema mwenyewe, na mwarobaini juu ya vidonge vya sukari ni suala la Mungu.

Wapo wanaoharibu mchezo. Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni mwaka 2017 ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika, na likaitaja hali ya mgonjwa mmoja kumeza dawa nyingi kati ya mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Silaha yao ni karatasi moja: jina la kila dawa, kipimo, saa, ni ya ugonjwa gani na nani aliyeiandika. Inatembea na mgonjwa kila aendako.

Basi kama umechoka na ufundi huu, Jumamosi beba mkebe mzima pamoja na chupa za mitishamba, umpeleke Shosho kwa mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize zipi zinagombana na ipi haihitajiki tena, kisha majibu yafike kwa daktari kabla ya kuachisha hata kidonge kimoja. Diclo waweza kuacha kuinunua leo.