Gunia la Makaa Lililokwenda Jozani

Nyumbani kwetu hakuna safari isiyobebeshwa safari nyingine. Tukienda mazikoni tunapitia sokoni; tukienda kumtazama mzazi tunapeleka na jiko likachomelewe. Kwa hiyo Baba Salma alipotangaza kwamba Jumapili tunakwenda Jozani, kupumzika tu, mama yake alifungua pindo la kanga, akatoa noti, akasema: "Vyema, mwanangu. Njia hiyo ya kusini makaa rahisi. Niletee gunia."

"Tutalichukua wakati wa kurudi, mama," nikasema.

"Wakati wa kurudi watu washayamaliza."

Mume wangu ni mtu wa msimamo, ila si mbele ya mama yake. Gunia likanunuliwa asubuhi ileile kando ya barabara, likasukumwa ndani ya buti ubavuni mwa sufuria la pilau na chane ya ndizi mbivu, na Bi Mkubwa mwenyewe akakaa mbele kulilinda kwa masikio.

Jozani ni kama kilomita 35 kutoka mjini. Pamoja na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, kilomita za mraba 50 hivi za msitu, mikoko na vichaka. Tulifika mapema, mabasi ya watalii hayajaja, kimya kimetanda hata watoto wakawa wananong'ona bila kuambiwa. Muujiza huo haukudumu. Bi Mkubwa aliamuru buti liachwe wazi, pilau lipate hewa lisije likachacha. Mwongozaji akamshauri Baba Salma alifunge. Baba Salma akamtazama mwongozaji, akamtazama mama yake, buti likabaki wazi.

Tulikuwa bado tunakata tiketi Salma alipopiga ukelele. Kima punju walikuwa wameshateremka. Ukimwona karibu, kima huyu ana mgongo mwekundu kama udongo wa shamba, midomo ya waridi, na nywele nyeupe zilizomsimama kichwani kama za mzee aliyeamshwa usingizini. Mmoja alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sufuria. Pilau hakuligusa, wala ndizi. Alikuwa ametoboa gunia na anatafuna kipande cha makaa, taratibu, macho kwetu. Wenzake wakapokezana.

"Wee! Yaache makaa ya watu!" Bi Mkubwa akavua kandambili. Mwongozaji akamzuia kwa adabu: "Usimrushie, bibi. Na msiwasogelee." Kisha akatueleza, kana kwamba tulikuja kusikiliza darasa. Kima hawa hula sana majani machanga, ya mikungu na miembe wakiyapenda zaidi, na majani hayo yana sumu inayosumbua tumbo. Makaa huinyonya sumu hiyo. Wamezoea kuokota kwenye visiki vilivyoungua, kwenye matanuri na hata kwenye majiko ya watu. Tunda lililoiva sukari halina kazi nao.

"Kwa hiyo ni dawa," akasema Baba Salma, akijaribu kutafuta upande mzuri wa jambo.

"Dawa wanunue," akajibu mama yake.

Watalii wakawasili wakati huo, wakaupa msitu mgongo na kulipiga picha buti letu.

Kima walipochoka, walituachia alama kwenye vitambaa vyeupe vya viti vya nyuma, maana waliingilia na huko. Salma akazichunguza moja moja: vidole vinne, gumba hakuna. Ndivyo walivyoumbwa, gumba lao ni kibonge tu. Nimevifua vitambaa vile kwa sabuni na ndimu, na alama bado zinasomeka.

Mikoko ya Pete tuliipitia mbio, kwenye daraja la mbao, maji yakiwa yamekupwa. Kiatu cha mdogo wake Salma kilibaki matopeni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukirudia. Njia nzima ya kurudi Bi Mkubwa hakusema ila mara moja: "Afadhali wangekula pilau."

Kima punju asili yake ni Unguja peke yake, na barabara kuu inapita katikati ya makazi yao. Walikuwa wakigongwa mno hadi yakawekwa matuta. Ukifika hapo punguza mwendo, na ukiwa umepakia makaa, funga buti, hata mama yako akisema usifunge.