Barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati: pongezi kwa dizeli isiyoonekana

Kwa Wizara ya Nishati, Dodoma.

Pokeeni pongezi kutoka Nkoaranga, Meru. Dizeli ya mimea mmeilea kwa uangalifu mkubwa: kikosi kazi mwaka 2006, miongozo mwaka 2010, na kati ya hapo maelfu ya hekta yakagawiwa. Kilichokosekana ni mafuta tu. Watu wenye haraka huweka kanuni kwanza ndipo wagawe ardhi. Ninyi mliona bora mwekezaji asisumbuliwe na makaratasi. Kampuni ya Bioshape ikapata hekta 34,000 Kilwa, ikafilisika 2010. Kampuni ya Sun Biofuels ikachukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, shughuli zikakwama 2011. Miongozo yenu ikatoka katikati ya misiba hiyo, ikawahi matanga.

Hakuna anayeweza kusema motisha haikuwepo. Ilikuwepo, ila ilipimwa kwa mtaji na kwa hekta, haikupimwa kwa lita. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimtaka Mtanzania awe na angalau dola 100,000 ndipo apate cheti cha motisha, na mgeni dola 300,000. Mwenye cheti alipata nafuu ya ushuru kwenye mitambo kabla hajakamua hata kikombe. Mkulima wa Meru, ambaye migomba na kahawa yake vinabanana kwenye kihamba kimoja, hana dola hizo wala hekta za kutoa. Mbono kaburi, mmea wa dizeli hiyo, kwake ni ua wa shamba. Ajabu ni kwamba mpango uliomfaa ulikuwepo hapa hapa Arusha: kampuni ya Diligent ilinunua mbegu kwa wakulima bila kudai mashamba yao. Lakini bei ya uhakika ilikuwa takribani shilingi 100 kwa kilo, na lita moja ya mafuta hula kilo nne hadi tano za mbegu. Uchume, ukaushe, umenye, ubebe, upate shilingi 400 hadi 500 kwa mbegu za lita nzima. Wenzetu wa kampuni ya KAKUTE, nao wa Arusha, walionyesha kuwa mafuta hayo hayo yakipikwa sabuni yana faida kuliko yakichomwa kwenye injini. Ilikuwa habari nzuri, ila sabuni iko nje ya mamlaka yenu.

Najua mtajibu kwamba mmea wenyewe ndio uliotuangusha, kwamba mbono uliosifiwa kuzaa jangwani hauzai vya kutosha bila maji na mbolea. Kweli kabisa. Ndiyo maana motisha ingepaswa kulipwa kwa kila lita iliyofika sokoni: mmea usingetoa mafuta, serikali isingetoa senti, na ukweli ungejulikana kwa gharama ndogo. Badala yake gharama ilibaki kwa vijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya mwekezaji huhawilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Wameru hawahitaji kufundishwa somo hilo. Walihamishwa kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 kupisha mashamba ya walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kulalamika.

Hazina nao watauliza, motisha hiyo ikiwa ni msamaha wa kodi kwa kila lita, nani atafidia kodi hiyo, maana barabara zinategemea tozo ya mafuta. Swali zuri. Lingeulizwa pia siku mitambo ya wenye vyeti ilipopitishwa bandarini kwa nafuu. Msamaha wa lita una faida moja: hauwezi kutolewa kwa lita ambayo haipo, na anaweza kuupata hata mwenye jiko la chipsi anayegeuza mafuta aliyokwisha kukaangia kuwa dizeli.

Kwa hiyo ombi ni dogo. Mtakapoandika sheria, wekeni motisha kwenye mita ya pampu, ondoeni kiwango cha dola, na andikeni tarehe ambayo shamba lisilotoa mafuta litarudi kwa kijiji bila kijiji kuomba. Mkianzia na Kilwa na Kisarawe, hatutalalamika kwamba Nkoaranga tumesahauliwa.

Mkazi wa Nkoaranga