Mpeni Mbwa Chumba Namba Tatu

Kahawa ina chama cha ushirika, ng'ombe ana josho, na mwanasiasa ana wapambe. Mbwa hana mtu. Ndiyo maana leo nasimama kumsifu, na simsifu mbwa wa ulinzi ambaye kila mtu humkumbuka akishaibiwa, wala mbwa wa kunusa pembe za ndovu kwenye mizigo ya wasafiri. Hao wana mishahara yao. Namsifu mbwa mgeni: yule anayeteremka kwenye gari la familia mwezi Desemba, vumbi la Omurushaka limemjaa masikioni, akasimama mlangoni mwa gesti ya Kaisho, hapa Kyerwa, kungoja ufunguo wa chumba kama wenzake.

Hali yenyewe mnaijua. Ikikaribia Krismasi, wana wa Kagera walioko Dar es Salaam hufunga safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kurudi nyumbani. Zamani walikuja na mfuko wa sukari na kitenge cha bibi. Siku hizi watoto wao wamefuga mbwa, mbwa ana jina la Kizungu na kamba ya shingoni yenye rangi, na hakuna wa kumwachia mjini. Basi anapakiwa nyuma, katikati ya boksi la maji na godoro, wanapita naye Dodoma, Singida, Kahama, mpaka wanaingia Kyerwa. Kwa babu nyumba imejaa, shangazi kaja na wajukuu wote, na hata sebuleni pameshatandikwa. Familia inakwenda kutafuta gesti.

"Karibuni sana, baba, vyumba vipo," anasema dada wa mapokezi. Kisha anachungulia nyuma ya mama wa watoto. "Ila huyo hapana."

"Kwa nini, dada?"

"Ni utaratibu."

Ukimwomba akuonyeshe huo utaratibu ulipoandikwa, atakuelekeza kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Nami nimezisoma karatasi hizo kwa makini kuliko wengi wanavyosoma mikataba. Hairuhusiwi watu wa jinsia moja kulala kitanda kimoja. Hairuhusiwi kupika wala kupiga pasi chumbani. Mwisho wa kuondoka ni saa nne asubuhi. Uongozi hautahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa mapokezi. Mbwa hatajwi popote. Anayezuiliwa kwa sheria isiyoandikwa ana haki ya kukata rufaa, na kwa kuwa yeye hajui kuandika, namwandikia mimi.

Tuanze na kitabu cha wageni, maana hapo ndipo ubora wa mbwa unapong'aa. Kitabu kina safu zake: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini. Fungua ukurasa wowote uone binadamu anavyojieleza. Wanaume wote ni wafanyabiashara. Wote wametoka Mwanza, wote wanakwenda Bukoba, hata yule ambaye mkewe anauza nyanya hatua chache kutoka hapo na ambaye chumba anakihitaji kwa saa moja na nusu tu. Mbwa hana uwezo wa kuandika jina la uongo. Kazi yake inajulikana, atokako amenukia, na nyayo zake za matope ni saini isiyoweza kughushiwa na mtu yeyote. Zaidi ya hayo, hajawahi kukodi chumba mchana.

Watu wanasema mbwa ana viroboto. Ni kweli, na hilo halina ubishi. Lakini nawaomba wenye gesti tusemezane kama watu wazima: kunguni walioko kwenye fremu ya kitanda cha chumba namba tano walipangishwa na nani? Wale ni wakazi wa kudumu, wamezaa, wamelea, wamezika. Nyumba iliyolea kunguni vizazi vyote hivyo haina uso wa kumfukuza kiroboto mpita njia, ambaye hata hakai. Asubuhi anaondoka na mwenyeji wake kuelekea Murongo.

Wanasema anabweka. Anabweka, ndiyo, na akibweka saa nane za usiku ujue nje kuna mtu, au paka, au mwezi. Ana sababu. Sasa mlinganishe na mgeni wa chumba jirani anayepiga simu saa hizohizo, kaweka spika: "Haloo! Nimefika! Nipo Kaisho! Kai-sho!" Ukuta wa gesti zetu ni wa kuonyesha mipaka tu, si wa kuzuia sauti. Mbwa ukimwambia "nyamaza" anakuangalia kwa aibu, mkia unaingia katikati ya miguu. Yule wa simu ukimgongea ukuta anakuuliza kama umelipia hewa.

Wanasema atatafuna ndala. Na hapa namsifu waziwazi, bila hata kumtetea. Ndala za gesti, zile za rangi mbili tofauti na zote za mguu wa kushoto, zimepita kwenye nyayo za madereva, wahubiri na maafisa wa semina. Anayezitafuna anafanya kazi ambayo bwana afya alitakiwa kuifanya siku nyingi.

Kuna pingamizi moja ambalo silifanyii mzaha, nalo ni la imani. Kaisho ina Waislamu, na wenzetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanalishika neno kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana mtazamo mwepesi zaidi, lakini hao wako mbali, Afrika Magharibi na Maghrebu. Naliheshimu neno hilo na mwenye nyumba anayelishika. Ninachoongeza ni swali dogo la upande wa usafi: ni mgeni gani mwingine mwenye uwezo wa kufanya vikombe vya gesti vioshwe mara saba? Mimi vikombe vyenyewe nimevikuta na rangi ya mdomo ya mteja wa juzi.

Tena maandiko hayakumnyima mbwa malazi. Vijana wa pangoni waliotajwa katika Surat al-Kahf walilala na mbwa wao mlangoni, kanyoosha miguu ya mbele, miaka 300 na ikaongezwa tisa. Nionyesheni mteja mwingine aliyekaa sehemu moja miaka 309 bila kulalamikia umeme. Na Wakatoliki, ambao hapa kwetu ni wengi, wanacho Kitabu cha Tobiti, ambamo kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli, na mbwa anafuata nyuma. Malaika mwenyewe hakusema "huyo hapana."

Hata wafalme wa ukanda huu hawakuwa na shida na mbwa. Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant walifika Karagwe, na Omukama Rumanyika akawapokea vizuri mno. Grant alikuwa na kidonda cha mguu kilichomlaza huko miezi kadhaa, na hatusikii kwamba aliambiwa mwisho wa kuondoka ni saa nne asubuhi. Speke alitangulia Buganda, na Februari 1862 alipoingia mbele ya Kabaka Mutesa aliona kando ya mfalme mkuki, ngao, mwanamke, na mbwa mweupe. Ndizo zilikuwa alama za enzi. Mgeni wa Uingereza, bunduki zake zote mkononi, ndiye aliyesubiri nje apewe ruhusa. Mbwa alikuwa ndani.

Nasi Wanyambo na Wahaya tuna sifa ya ukarimu. Mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida yake. Anakaa, anatafuna, anasimulia habari za njiani, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Mbwa akifika anapewa jiwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa, waitu, haombi hata hizo siku mbili: jembe lake analishika usiku wa kwanza, amelala mlangoni sikio moja juu, wakati binadamu aliyekaa wiki nzima hajawahi kufunga bomba la maji.

Hapa ningependa kumtaja mgeni mmoja wa kibinadamu ambaye gesti zetu humpokea kwa tabasamu kila mwaka, akapewa chumba chenye choo ndani na supu ya asubuhi. Ni yule anayekuja wakati mikahawa imetoa maua. Kitabuni ni mfanyabiashara, kama kawaida. Anazunguka vijijini kwa pikipiki kutafuta mzee mwenye mgonjwa hospitalini au mtoto aliyerudishwa kwa ada, anamnunulia kahawa ingali juu ya mti kwa bei ya kusikitisha. Biashara hiyo, iitwayo butura, imepigwa marufuku, na kila kiongozi anayepita Kyerwa huikemea jukwaani pamoja na magendo ya kahawa kuvuka kwenda Uganda, lakini sijaona karatasi nyuma ya mlango inayosema mnunuzi wa butura haruhusiwi. Mbwa akikuuma anakuuma mara moja, na alama ya jino inaonekana. Huyu anauma miezi kabla ya mavuno, na aliyeumwa anamshukuru.

Sasa twende uani, nyuma ya gesti, pale jikoni. Nimemkuta huko mwenyeji ambaye wateja hawamwoni. Amelala kwenye majivu ya moto uliozimika, pua kaificha mkiani, sikio la kulia lina pengo. Dada anamenya ndizi. Ganda likidondoka, anafungua jicho moja. Akiona si mfupa, analifunga. Anaitwa Simba, kama mbwa wengi wa nchi hii. Ikilia pikipiki ya mpita njia hashtuki, ikilia ya mwenye nyumba anasimama kabla haijakata kona. Analala hapo, anakula hapo, sufuria la maharage ya wageni linaachwa karibu yake, na watoto wa wateja wanamshika mkia. Ukimuuliza dada kama Simba amewahi kuchanjwa, anacheka. "Huyu? Huyu ni wa hapahapa."

Basi tuelewane vizuri. Mbwa aliyekuja na gari kutoka Dar, aliyeogeshwa, mwenye cheti cha chanjo ya kichaa chenye muhuri na tarehe, ameambiwa hapana. Asiye na cheti anakaa jikoni bure. Gesti zetu hazijakataa mbwa hata siku moja. Zimekataa mbwa mwenye karatasi.

Na hapa sifa zangu zinaingia mahali ambapo kucheka ni kugumu. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu asilimia 40 ya wahanga ni watoto walio chini ya miaka 15. Wengi mno wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra kiasi cha kutotegemewa. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi: aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, akimbie kituo cha afya siku hiyohiyo, achomwe sindano zote alizopangiwa, asikatize ya pili kwa sababu kidonda kimekauka. Na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Wapo watakaonitajia simba wa Serengeti. Nawaunga mkono. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule uitwao distempa, uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua takribani theluthi moja ya waliokuwepo, na mbwa wa vijiji jirani ndio waliotiliwa shaka. Hoteli zilizo ndani ya hifadhi nazo hazimpokei mbwa wa familia, na sitazigombea. Nasi tangu 2019 tuna Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe mlangoni petu. Watalii wakizoea njia hii, watalala wapi kama si kwetu, na mbwa wao wataachwa wapi kama si kwetu? Hoteli nyingi za mapumziko huko Ulaya na Marekani zimeshapata jibu: mbwa anapokewa, cheti kinaangaliwa, ada ya usafi inalipwa, na bakuli lake ni lake peke yake. Mwenye nyumba wa Kaisho anayemfukuza mbwa kwa fimbo anafukuza na hiyo ada. Sijawahi kumwona mwenye gesti akifukuza hela kwa sababu nyingine yoyote.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye gesti wa Kaisho, Isingiro na Murongo, ongezeni safu moja kwenye kitabu: chanjo. Tengeni chumba kimoja, namba tatu kinatosha, kile cha karibu na uani, kiwe cha familia zenye mbwa, ili asiyetaka kulala naye ukuta mmoja kwa imani yake au kwa woga wake apewe chumba cha mbali bila kuombwa maelezo. Kabla ya hayo yote, mchukueni Simba kutoka kwenye majivu mumpeleke kwa bwana mifugo. Nanyi mnaokuja Desemba, mchanjeni mbwa mapema na mbebe cheti. Atakayefika bila cheti, mbwa apewe maji na familia ipewe chumba, ila baba mwenye mbwa alale garini naye mpaka kuche.