Namna ya Kumnyamazisha Bodaboda wa Ikuti bila Kugombana Naye

Kabla hujashika spana, ulizia kwanza kama mwenye pikipiki anataka inyamaze. Boxer au TVS hutoka dukani na adabu zake zote: inapita, unasikia mvumo, basi. Ile inayotikisa mabati ya Ikuti, huku Rungwe, saa kumi na moja alfajiri haikuharibika. Imefanywa hivyo na fundi, kwa malipo, huku kijana amesimama pembeni akisema, "Fundi, ongeza kidogo."

Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa. Ndani ya ekzosi kuna vyumba vilivyotengwa kwa vibati, na vijibomba vyenye matundu. Vavu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi bado una presha, kwa hiyo unatoka kwa kishindo. Injini ya stroki nne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika hutoa vishindo 2,000, yaani zaidi ya 30 kila sekunde. Vile vyumba huvirudisha vishindo nyuma, vikagongana vyenyewe kwa vyenyewe na kuishia humo humo. Fundi akikata ekzosi, akachomoa matumbo na kuichomelea tena, linalobaki ni tarumbeta. Kijana anaamini pikipiki imeongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni imani, na kwa anayepanda mlima kutoka mtoni na mikungu miwili ya ndizi, mama na mtoto mgongoni, imani si kitu cha kudharau.

Usianze na sheria. Zipo: Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitoka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Lakini mtajie sheria hizo afisa usafirishaji wa Ikuti, atakusikiliza kwa heshima zote, atakuita "mzee wangu", kisha atapiga resi.

Mtajie maziwa. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe akishtushwa wakati wa kukamuliwa, homoni ya hofu huizuia ile ya kushusha maziwa. Anabana, na mkamuaji anabaki ameshika chuchu isiyotoa kitu. Sasa tazama ni nani anayepita saa hiyo. Ni huyo huyo kijana anayekuja kuchukua madumu. Anafika kwa kishindo, ng'ombe anabana, dumu linapungua, ujira unapungua, naye anaondoka akilaumu bei ya pumba. Bibi mwenye ng'ombe akimwambia, "Mjukuu wangu, pikipiki yako leo imeninywea lita mbili," atacheka. Akifika kijiweni ataanza kupiga hesabu.

Akishakubali, jiandae kupokea washauri. Wa kwanza ataleta gunzi alisokomeze kwenye bomba. Gunzi linanyamazisha kabisa, maana injini inazima. Wa pili ataleta tambara, ambalo litaungua. Wa tatu, aliyeishia kidato cha nne na anayeheshimika kijiweni, ataleta stilwaya ya kusugulia masufuria, na atakuwa na maelezo marefu. Wote watatu washukuru, "ndaga fijo", halafu uweke vifaa vyao mbali. Moshi ukikosa njia, injini inajaa joto, nguvu inakwisha mlimani na vavu inaungua. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, na hesabu haina kipengele cha gunzi.

Anza na kisicho na gharama. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe, kisha sogeza kiganja karibu na pale bomba linapoungana na silinda, bila kugusa. Ukisikia upepo unakupiga pu-pu-pu, na pembeni kuna masizi meusi, gasketi imekwisha. Badilisha gasketi, kaza nati mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Kuna vijana wanaoringia mngurumo wa pikipiki zao miezi mizima kumbe ni gasketi tu.

Kisha kagua kutu. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja, nayo hutoka kama mvuke. Pikipiki ya safari fupi fupi, kutoka shambani hadi sokoni, bomba halipati joto la kutosha kuyakausha. Yanatuama chini na kulila bati kwa ndani, huku mvua ya Rungwe ikilimalizia kwa nje. Tundu la kutu lizibwe kiraka. Lakini ekzosi nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, kiwandani walikiweka makusudi ili maji yachuruzike. Fundi mwenye bidii hukiona hicho kwanza, akakichomelea bure kama nyongeza. Mshike mkono.

Kama matumbo yalishauzwa kwa wanunua vyuma chakavu, nunua ekzosi nyingine.

Halafu kuna mteremko. Wapo wanaozima injini ili kubana mafuta, wakashuka kimya kabisa hadi unawafahamu kwa upepo sikioni. Ukimya huo ndio pekee wa kuupigia kelele. Na wapo wanaozima swichi na kuiwasha tena huku gia imeingia, ili petroli isiyoungua ilipukie kwenye bomba: pa! Mlipuko huo hubomoa hata matumbo mazima. Una ukoo wake, ukitaka kujua. Mvumbuzi Hiram Maxim alibuni bunduki yake ya rashasha mwaka 1884, na Wajerumani wakaitumia katika nchi hii wakati wa Maji Maji. Mwanawe, Hiram Percy, alifunga injini ya petroli kwenye baiskeli ya magurudumu matatu mwaka 1895, na mwaka 1909 akapata hataza ya kizuia sauti cha bunduki; baadaye kampuni yake ikatengeneza pia vya injini. Baba aliuza kelele, mwana akauza dawa yake. Fundi wa kijiweni hufanya zote mbili kwa mteja mmoja, na hulipwa mara mbili.

Ekzosi ikishatulia, utaisikia redio ambayo kijana aliifunga chini ya tangi. Ile inahitaji koleo la kukatia waya, na usiku usio na mbalamwezi.