Barua ya Wazi kwa Ofisi Tukufu Inayojenga Ustahimilivu wa Mama

YAH: OMBI LA KUPANUA MRADI WA USTAHIMILIVU

Kwa taadhima inayoistahili ofisi yenye viyoyozi, walipakodi wa Tanzania wanatoa pongezi kwa ugunduzi kwamba mjamzito wa kijijini, anayechota maji alfajiri, kupalilia mahindi hadi jua la utosi na kwenda kliniki kwa miguu mimba ikiwa ya miezi minane, amepungukiwa ustahimilivu, na kwamba upungufu huo unatibika kwa semina ya siku tatu. Ustahimilivu, kwa fasili ya maandiko ya miradi, ni uwezo wa mtu au jamii kupata mtikisiko bila kuanguka. Nani anayemtikisa mama huyo ni jambo ambalo fasili imelinyamazia kwa adabu.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitamka kwamba huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bila malipo, na tamko hilo halijavunjwa hata mara moja, kwa kuwa mama hatozwi kitu mlangoni. Anaelekezwa tu aje na glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni na doti za khanga, yaani anabeba nusu ya zahanati kwapani, huku mkunga, ambaye kosa si lake, akimsubiri na mikono mitupu. Asiyeupata mfuko wa vifaa hivyo huona haya kwenda kituoni, akabaki nyumbani.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wazazi katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Aibu ya kukosa mfuko ni ya hatua ya kwanza, ingawa chanzo chake kiko katika ya tatu, na hapo ndipo semina inapopotea njia, kwa kuwa humfundisha mama kuamua mapema bila kugusa rafu tupu anazokwenda kuzikuta. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mzazi mwenye siha njema ndani ya saa 2, na damu haijawahi kuhudhuria warsha.

Haki itendeke: vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2015-16, hadi 104 katika ule wa 2022. Sehemu ya kazi ya kumfikia mama imefanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba wakieleza dalili za hatari, kama vile kuvimba uso, kuumwa kichwa kusikokoma na kuona maluweluwe, ambazo huweza kutangulia kifafa cha mimba. Kwa miaka mingi wengi wao walilipwa fulana, kofia na makofi. Mpango uliozinduliwa Januari 2024, uliolenga wahudumu 137,294 katika miaka 5, uliahidi mafunzo na posho. Ahadi hiyo inastahili kulindwa kwa wivu uleule unaolinda posho za vikao.

Kwa kuwa ofisi inauamini ustahimilivu, inaombwa ianze nao nyumbani. Katika warsha ijayo kila mjumbe aje na kiti chake, karatasi, sukari ya chai na mafuta ya jenereta. Nauli ilipwe kwa fulana. Kikao kikivuka usiku, wajumbe walale wawili kitanda kimoja. Na atakayelalamika asomewe ile sera isemayo kwamba yote hayo ni bure. Fedha zitakazobaki zinunue glavu.

Ofisi inaombwa kutoa majibu kabla ya masika. Mvua ikishakata barabara, simu ya mama anayepiga 115, namba ya kuomba usafiri wa dharura wa mpango wa m-mama, itapokelewa bila malipo kama kawaida, lakini gari halitavuka mto.

Walipakodi wastahimilivu