Gari Linalopona Mlangoni mwa Gereji

Gari letu la mwaka 1996 lina tabia ya mtoto asiyetaka shule: alfajiri linaumwa, ikifika saa nne limepona.

Asubuhi za mvua hapa Mbeya, tukianza tu kupanda mlima, injini inamisi. Gari linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, na mama mkwe kiti cha nyuma anatafuta rozari yake. Nikilifikisha gereji, linaunguruma kama paka aliyeshiba. "Mzee, mbona lipo freshi?" fundi ananiuliza, akinikagua mimi badala ya injini.

Nikaanza kununua. Jirani alisema mafuta machafu, nikabadilisha filta. Shemeji akasema plagi, nikafunga nne mpya. Zikapita siku tatu za jua gari likiwa limetulia, nami nikitamba sebuleni. Ya nne ikanyesha. Mke wangu akauliza, "Baba watoto, hilo gari unalitibu au unalihonga?"

Aliyetuokoa ni binti yetu wa darasa la sita. Alichukua daftari la hesabu akaandika kila kwikwi: siku, saa, hali ya hewa. Baada ya wiki mbili tukasoma: mvua, ukungu, mvua. Halafu Jumamosi mbili za jua kali. Wote wakanigeukia. Jumamosi ndiyo siku ninayoosha gari, injini na yote.

Fundi alipoliona daftari hakucheka. "Usiniletee gari. Nakuja mwenyewe usiku."

Alifika saa mbili, akazima taa ya nje, akafungua boneti na kuwasha injini. Akaomba ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akatuonya tusiguse kitu. Mnyunyizo wa kwanza, kimya. Wa pili, cheche ya buluu ikachomoka kwenye waya wa plagi ya tatu na kurukia chuma cha injini. Kwikwi ikaanza papo hapo.

"Huyo hapo!" mama mkwe akapiga kelele, kama aliyemfuma mwizi.

Mpira wa waya ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukilowa, umeme wa koili hupata njia ya mkato, plagi hukosa cheche, na silinda moja hulala huku tatu zikivuta. Mlimani huzidi, kwa sababu hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, cheche huhitaji nguvu kubwa zaidi kuruka. Injini ikipata moto, unyevu hukauka. Ndiyo maana gereji hatukuwahi kufika na mgonjwa.

Tulinunua seti ya waya, kwikwi ikaisha. Juzi nimelikuta daftari juu ya friji, limefunguliwa ukurasa mpya: "Bomba la bafuni."

Jumatatu, mvua: Baba kasema kesho.
Jumanne, ukungu: Baba kasema kesho.
Jumatano, jua kali: Baba kasema kesho.